Kabla Hujashusha Giaboksi Uani kwa Mama Yako

Mjukuu wangu, jana jioni nilipita kwenu Somanda nikaikuta ile Mark II imepandishwa juu ya matofali ya kuchoma, nawe umelala chini yake, miguu tu ndiyo inayoonekana. Simu umeiegemeza kwenye tairi, na ndani yake Mmarekani mwenye glovu za bluu anafungua giaboksi ya otomatiki ya gari la zamani huku akipiga mluzi. Nilibisha hodi mara mbili, hukusikia. Mara ya tatu sikuita. Mtu aliyelala chini ya gari lililokaa juu ya tofali hashtuliwi.

Nilikaa kidogo na mama yako. Akaniambia bado hujalegeza bolti hata moja, unawasubiri wenzako wawili waje Jumamosi mlishushe boksi. Ndiyo maana nakuandikia leo. Najua utawasomea na wa kijiweni, basi nao wasikilize.

Sikukatazi. Mimi mwenyewe sikusomea giaboksi shuleni. Nilianza ujana wangu kwenye jineri ya pamba, nikipaka grisi beringi na kubadilisha mikanda, na mashine zile ndizo zilizonifundisha kusikia chuma kinapolalamika. Gereji ilikuja baadaye. Kwa hiyo siwezi kumwambia kijana wa Bariadi kwamba kazi hii ni ya watu wa Dar es Salaam au ya Wazungu wa kwenye simu. Mwanaume mwenye akili, mikono safi na subira anaweza kuifanya hapahapa nyumbani. Hofu yangu ni kwamba umeanza katikati.

Nakuelewa kwa nini unalipenda gari hilo. Wamarekani wana magari yao ya miaka ya 1960, injini kubwa ya silinda nane imetiwa kwenye bodi ya wastani, kama Pontiac GTO ya 1964. Huku kwetu wengi tumeyaona kwenye sinema tu. Gari letu la msuli ndilo hilo lako: Mark II GX90, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma. Kila msimu, mizani ya pamba ikishafunguliwa Mei na fedha zikaingia mifukoni, naona mawili matatu yanashuka kutoka Mwanza kupitia Lamadi, yana rimu mpya na redio inayotikisa vioo vya maduka. Giaboksi hakuna anayeiuliza habari mpaka siku injini inapopiga kelele na gari halisogei.

Ninalotaka kukuambia ni moja, mengine yananing'inia hapo. Pleti zilizoungua ndani ya boksi ni maiti. Ukitoa maiti ukaweka pleti mpya bila kujua kilichoua, umeandaa msiba wa pili, na huo wa pili utaulipia wewe.

Ngoja nikueleze ndani kuna nini, kwa sababu yule bwana wa kwenye simu anazungumza kana kwamba kila mtu amezaliwa akijua. Injini inazungusha toki konveta, toki konveta inazungusha pampu. Pampu inasukuma haidroliki kwenye vavu bodi, ile sahani ya aluminiamu yenye mifereji mithili ya njia za mchwa. Humo vavu ndogo zinateleza huku na huko zikiamua mafuta yaende kubana pleti zipi. Pleti zikibanwa kwa presha kamili zinashikana kama ngumi na haziungui. Presha ikipungua zinasuguana, na msuguano ndio unaozipika. Basi mtu akiniambia pleti zimeungua, mimi nauliza presha ilipotelea wapi.

Sasa sikiliza tofauti ya gari la kwenye video na lako. Yeye anafungua Turbo-Hydramatic 350 ya General Motors, giaboksi ya gia tatu iliyoanza kutumika 1969. Lako lina gia nne, na limetoka kwa watu wa Aisin AW, kampuni iliyozaliwa mwaka huohuo wa 1969 kwa ndoa ya Aisin Seiki ya Japani na BorgWarner ya Marekani, wakati huo ikiitwa Aisin-Warner. Kwa hiyo undugu upo, lakini suruali ya binamu haikutoshi. Boksi la Mmarekani linajua injini imebeba mzigo kiasi gani kwa kunyonya hewa kupitia mpira mdogo unaotoka kwenye manifodi. Lako linaambiwa na kebo. Kebo hiyo inatoka kwenye throto inashuka hadi kwenye giaboksi. Ukikanyaga mafuta inavutwa, na presha ya haidroliki inapanda. Ikilegea, boksi linadhani unatembea polepole kwenda kanisani, kumbe umekanyaga mpaka chini ukipanda mlima umebeba watu watano. Presha inabaki ndogo, pleti zinateleza, zinaungua.

Kwenye kebo hiyo kuna kipande kidogo cha chuma kilichobanwa kama alama. Mwenzako akikanyaga pedali hadi mwisho, injini ikiwa imezimwa, umbali kati ya alama hiyo na mdomo wa ala ya kebo uwe kati ya milimita 0 na 1. Ni mambo ya rula ya mtoto wa shule. Nimeona vijana wakifungua giaboksi nzima, wakanunua pleti, wakafunga, na kebo ikabaki imelegea kama mkanda wa suruali ya mlevi. Wala si kwamba hawana akili. Video waliyoiangalia haikuwa na kebo ya namna hiyo.

Kuna na ile taa ya O/D OFF kwenye dashibodi. Inapojiwasha na kujizima yenyewe barabarani, watu wengi huchomoa balbu. Taa hiyo inakuita! Chini ya boneti kuna kisanduku cha plastiki. Ndani yake unganisha TE1 na E1 kwa waya, washa swichi bila kuwasha injini, halafu hesabu inavyokonyeza. Ukipata 62 au 63, solenoidi ya kwanza au ya pili ya kubadili gia, au nyaya zake, ndiyo yenye shida. 64 ni ile ya kufunga toki konveta, 61 au 42 ni sensa za mwendo. Kwenye solenoidi za gia, mita ya umeme ikikupa omu 11 hadi 15, koili yake ni nzima. Kazi hiyo unaimaliza kwa kufungua sampu tu, giaboksi ikiwa mahali pake. Nilishamwona mtu akichangisha ukoo mzima kununua boksi la mtumba Gerezani kule Dar es Salaam kwa sababu ya waya uliotafunwa na panya.

Na haidroliki yenyewe umeiangalia? Si kuichungulia tu. Gari likae pasawa, injini ishike moto, pitisha mkono gia zote taratibu, rudisha P, injini ikiwa bado inaunguruma ndipo uchomoe kijiti. Nyekundu ni salama. Nyeusi yenye harufu ya ugali ulioungua, pleti zimekwisha kupikwa. Pinki yenye povu, kama maziwa yaliyotiwa rangi, hapo maji yameingia, na maji huachanisha ule utando wa pleti na chuma chake. Yameingia wapi? Mara nyingi ni kwenye rediata, kwa sababu haidroliki inapozwa kwenye bomba lililomo ndani ya tangi lake. Lakini hapa kwetu kuna njia nyingine. Masika, mbuga zikijaa na mtu akalazimisha gari kupita kwenye maji yanayofika mlangoni, boksi linayanywa kupitia tundu lake la kupumulia.

Hilo la rediata linanirudisha kwenye aibu yangu, na ni bora uisikie kwangu kuliko kwa watu. Miaka ile nilikuwa najiona fundi. Mfanyabiashara mmoja wa mahindi alinipa gari lake, giaboksi imeungua. Nikaifungua, nikaweka pleti mpya, sili mpya, nikaosha kila kitu mpaka kinang'aa. Alilipa, akanisifu mbele ya watu. Wiki mbili baadaye gari likarudi limevutwa kwa kamba. Nilipofungua sampu harufu ilinipiga kabla macho hayajaona. Pleti zote nyeusi. Nilikuwa nimeosha boksi lakini sikuosha mabomba ya kupozea, na unga wa pleti za zamani ulikuwa umejaa humo kama matope kwenye mrija. Haidroliki ilikuwa hairudi ikiwa imepoa. Pleti za pili nilizinunua mimi, kwa ng'ombe wawili. Mzee wangu hakusema kitu, alihesabu tu zizi jioni ile kwa sauti nikiwa nasikia.

Basi ikibidi kufungua, na huenda ikabidi, kwanza yaondoe hayo matofali. Tofali la kuchoma halipindi likakupa ishara, linapasuka mara moja. Tafuta stendi za chuma, au mwambie mchomeleaji akuchomee nne kwa chuma kinene. Boksi hilo likiwa na toki konveta yake lina uzito wa mtu mzima, na haliteremki kwa kukumbatiwa kifuani.

La pili ni vumbi. Wewe mtoto wa Simiyu unajua upepo wa Agosti unavyofanya, hata chai inakuwa na mchanga. Nafasi ya vavu ndani ya tundu lake ni nyembamba mno. Chembe usiyoiona kwa macho inaikwamisha. Fanya kazi ndani ya chumba, sakafu umwagie maji, meza itandikwe plastiki. Na tafadhali, mtoto wa mkulima wa pamba, usifute kitu chochote cha ndani kwa pamba wala kwa kitambaa cha manyoya! Uzi mmoja unatosha. Najua pamba imejaa stoo kwa baba yako na ni ya bure. Osha kwa petroli safi mbali na jiko, kausha kwa upepo. Kompresa ya fundi pancha inafaa, ila kwanza ifungulie tangi lake chini itapike maji.

Unapotoa vitu, kila kimoja kikae kwa mpangilio wake. Mimi natumia trei za mayai, namba nimeziandika kwa kalamu ya rangi. Ndani ya vavu bodi kuna vijigololi, na ukiiinua kwa haraka vitadondoka na hutajua kipi kilikaa wapi. Piga picha kabla ya kugusa, piga tena baada ya kugusa. Simu hiyo ifanye kazi ya maana. Springi zinazorudisha pistoni zimebanwa kwa nguvu, saklipu yake ikichomoka inatafuta jicho. Tengeneza kibanio, usitegemee bisibisi mbili na dua.

Wakati wa kurudisha, vijigololi na beringi bapa huwa zinakataa kukaa. Zishikize kwa Vaseline ya kupaka mwilini. Grisi hapana, kwa sababu haiyeyuki kwenye haidroliki, inazurura mpaka izibe njia ya mafuta. Pleti mpya ziloweke kwenye haidroliki kabla ya kuzipanga. Mimi huziacha zilale usiku kucha. Kila seti ukishaifunga, pulizia upepo kwenye tundu lake la mafuta usikilize. Ukisikia pistoni inagonga ikashika, sili zimekaa. Ukisikia inavuja kama nyoka, fungua tena, hata kama ni saa sita usiku na wenzako wamekasirika.

Toki konveta nayo usijidanganye kuwa umeiosha kwa kuijaza petroli na kuitikisa. Imechomelewa pande zote, uchafu wake unabaki humo. Kama boksi liliungua vibaya, tafuta nyingine. Kabla ya kuiingiza itie haidroliki, kisha izungushe huku ukiisukuma; itadondoka hatua kwa hatua mpaka ikae kabisa kwenye pampu. Vijana huona imeingia nusu, wakavuta boksi kwa bolti likutane na injini. Mlio mmoja mkavu, pampu imevunjika, na gari halijawashwa hata mara moja.

Dukani watataka kukuuzia haidroliki yoyote iliyo nyekundu. Boksi la umri huo linataka Dexron. Ya magari ya CVT, yale madogo yanayozidi kuongezeka mjini, usiiguse.

Jumamosi nitakuja, lakini kabla ya hao wenzako. Gari nilikute chini, juu ya magurudumu yake, na likiwa linawaka. Rula ninayo, kipande cha waya ninacho. Mita yangu ya umeme betri yake imekufa, ile ndogo ya mraba ya volti 9, ukipita sokoni uninunulie. Tutaanza na kebo, halafu taa, halafu kijiti. Vyote vikikubali, nitavua koti tulishushe pamoja. Mwambie mama yako asiniwekee sukari kwenye chai.