Mapambo ya Nyumba na Mipaka Yake

 

Ndugu zangu Waislamu, katika darsa yetu ya baada ya Magharibi imetufikia barua ya dada mmoja wa hapa Mariakani. Anauliza: Je, ni dhambi mtu kuipamba nyumba yake? Anasema mumewe amemkataza kutundika pazia jipya, akamwambia kuwa hiyo ni dunia na sisi tunataka akhera. Naye kila akizitazama picha za nyumba za watu katika simu hujiona kana kwamba anakaa ghalani. Barua iliposomwa, baadhi ya vijana walicheka. Mimi sikucheka, na sababu yake nitaieleza mbele, inshallah.

Asili ya jambo hili ni kwamba pambo si haramu. Katika Suratul Aaraf, aya ya 31 na ya 32, Mwenyezi Mungu amewaamrisha wanadamu wachukue pambo lao wanapokwenda kusali, akawaruhusu kula na kunywa pasina kupita kiasi, kisha akauliza kwa kukemea ni nani huyo aliyeyaharamisha mapambo ambayo Yeye amewatolea waja Wake. Na katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba mtu mmoja alikhofu kuwa kupenda nguo nzuri na viatu vizuri ni kiburi, na Mtume (S.A.W.) akamfahamisha kwamba Mwenyezi Mungu ni Mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi mume wa dada yetu, pamoja na nia yake njema, hana dalili ya kumkataza mkewe pazia kwa kuwa ni zuri tu.

Na mimi namjua mume wa namna hiyo, kwa kuwa nimepata kuwa yeye. Miaka mingi chumba changu cha kusomeshea kilikuwa na kuta zilizopiga weusi kwa moshi wa taa za zamani, buibui katika pembe zote, na vitabu chini juu ya gunia. Nilikuwa nikijisemea kuwa hiyo ni zuhudi. Siku moja nilisafiri kwa siku tatu, na niliporudi nikakuta mke wangu amepaka chokaa kuta zote, ametandika mkeka wa ukindu, na vitabu amevipanga juu ya mbao mbili alizozitegemeza kwa matofali. Nilinuna. Hata wiki haikwisha, wanafunzi wakawa wanafika mapema, na mmoja akasema kuwa sasa anaziona herufi. Ndipo nilipofahamu kwamba ile haikuwa zuhudi. Ilikuwa uvivu uliovaa kanzu.

Katika Suratun Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu ametukumbusha neema ya nyumba kwa neno moja zito: amezifanya nyumba zetu kuwa *sakan*, yaani mahali pa kutulia. Katika aya hiyo hiyo akataja mahema ya ngozi, na vyombo vya nyumba vitokanavyo na sufi, na manyoya, na nywele za wanyama, akasema ni vya kustarehea kwa muda. Tazameni mpango wa aya hii: utulivu umetangulia, vyombo vimefuata, na vyombo hivyo vimetiwa muda wake. Basi mwenye kutaka kujua kama pambo lake ni la kheri, ajiulize kama limemzidishia utulivu yeye na walio chini yake, au limemwondolea.

Wazee wetu wa pwani hawakuwa watu wa kuishi katika vumbi. Mwenye kutaka ushahidi na aende Gede, katika kaunti yetu hii hii ya Kilifi. Ule ni mji wa Waislamu uliositawi sana katika karne ya 15, ukahamwa katika karne ya 17, ukamezwa na msitu mpaka James Kirkman alipoanza kuuchimbua mwaka 1948. Na mwaka 2024 UNESCO ikauandika katika orodha ya urithi wa dunia. Nyumba zake zimepewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: ipo Nyumba ya Bakuli la Kaure, ipo Nyumba ya Mkasi, ipo Nyumba ya Kauri za pwani. Kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe, zimepakwa lipu ya chokaa, na ndani yake vimekatwa vidaka vya kuwekea taa. Vyoo vyao vilikuwa na mahali pa kutawadhia. Na katika mihirabu ya msikiti mkuu walitia mabakuli ya kaure yaliyotoka Uchina. Kule Lamu nako wakaja watu wa baadaye, wakaifanya kazi hiyo ya vidaka kuwa ufundi mkubwa, ukuta mzima wa ndani umejaa zidaka za lipu, safu juu ya safu, vikiwekwa humo vyombo na vitabu. Mimi nilipoziona mara ya kwanza nilisimama kitambo, na sioni haya kusema kwamba zilinipendeza. Hao hawakupaka chokaa ili kumshinda jirani peke yake. Chokaa hurudisha mwangaza katika chumba kirefu kisicho na madirisha mengi.

Sasa na tuje kwenye mpaka, maana kila halali ina mpaka wake.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na *sahwa* nyumbani mwake, nayo wanazuoni wameieleza kuwa ni mfano wa rafu au kidaka. Akaifunika kwa pazia lenye sura za viumbe. Mtume (S.A.W.) aliporudi safari akaliona, uso wake ukabadilika, akalitoa, nao wakalikata wakafanya mto au mito miwili. Na katika riwaya nyingine ya Muslim, Bibi Aisha alitundika kitambaa cha urembo mlangoni, na Mtume akakivuta akakirarua, akasema kwamba Mwenyezi Mungu hakutuamrisha tuyavishe nguo mawe na udongo. Bibi Aisha akakikata akashona mito miwili, akaijaza makumbi ya mtende, na Mtume hakumlaumu kwa hilo.

Nakuombeni msiipite hadithi hii kwa haraka, kwa kuwa imo fikihi kubwa ya nyumba. Kitambaa ni kile kile. Kilipokuwa juu ya ukuta kilikataliwa; kilipokuwa chini ya ubavu wa mwanadamu aliyechoka kilikubaliwa. Imamu Nawawi, katika kuisherehesha, amesema kwamba maneno haya hayafikishi kuta kuvishwa kuwa haramu, kwa kuwa kusema kitu hakikuamrishwa si kusema kimekatazwa. Lakini ni jambo la karaha. Nasi tulio katika madhehebu ya Shafi tunaikubali kauli hiyo. Basi dada yetu, pazia lako la dirishani na la mlangoni si katika kuvisha mawe. Hilo ni sitara, na Suratun Nur imetufundisha adabu ya nyakati tatu ambazo hata watoto na watumishi hawaingii chumbani bila ya kubisha hodi. Nyumba ya vyumba viwili yenye watoto wakubwa inahitaji pazia kabla ya kuhitaji kochi. Ila chagua lisilo na sura za wanyama wala za watu, na kama unalo tayari lenye sura, umekwisha kusikia Bibi Aisha alilifanyaje. Ama picha za kamera wanazuoni wa zama zetu wamekhitalifiana, na sitaki kuufungua mlango huo leo.

Jambo jingine ni hizi Ayatul Kursiyyu za maji ya dhahabu, zilizozungushiwa taa za rangi, zikatundikwa juu ya televisheni. Zinauzwa sana, na anayezinunua hudhani amekwisha kuilinda nyumba. Nimeingia katika nyumba zaidi ya moja ambayo aya imetundikwa na mwenye nyumba haijui kwa moyo. Na wako wanaotundika aya ukutani na chini ya kizingiti wakazika fingo, wakikusudia kinga ya pande zote mbili. Hao hawajui wamsadiki nani.

Na tusemeni wazi kuhusu mji wetu. Mariakani ni mji wa njia kuu. Malori yanapita usiku na mchana, vumbi halilali, joto la bati saa saba za mchana mnalijua, na maji ni ya kuyatunza. Katika mji kama huu, zulia la manyoya marefu ni mtego wa vumbi na kifua, na kulifua kunataka maji ambayo mama wa nyumba angeyapikia. Mkeka hukung'utwa nje ukarudi. Kuta zikipakwa chokaa au rangi nyeupe, nyumba hupata mwangaza bila ya gharama. Dari, ijapokuwa ya mbao nyepesi au ya makuti yaliyosukwa vizuri, humpunguzia mtu moto wa bati kuliko pambo lolote la jipsamu lililozungushwa pembeni kwa ajili ya macho. Pazia la pamba hafifu hupitisha upepo. Kongowea, Mombasa, mitumba ya mapazia imejaa, na mwenye sindano hashindwi. Mrihani katika kopo mlangoni, na chetezo cha ubani jioni, vina raha yake. Na kitanda kiwekwe panapopita hewa, si panapobakia nafasi.

Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Miaka iliyopita, kabla ya Ramadhani, kijana mmoja wa mji huu alinialika nyumbani kwao niombe dua. Alikuwa ameitengeneza nyumba kwa ajili ya harusi ya dada yake. Makochi ya kujaza pembe, kabati la vioo, zulia, dari ya jipsamu yenye taa zilizofichwa. Vyote hivyo kwa mkopo wa riba, ingawa hilo nililijua baadaye. Nikakaa, nikala pilau, nikasifu. Nilisema mbele ya watu kwamba Muislamu hupendeza akiwa na nyumba kama hii. Nilipotoka uani kunawa mikono, nikamwona mama yake mzazi amelala juu ya jamvi katika banda la jikoni, kando ya makaa, amejifunika kanga. Nilidhani anapumzika. La, nadanganya: niliona mto, na sanduku lake, na dawa zake juu ya sanduku, na nikajua. Kitanda chake kilitolewa ili kabati lipate mahali. Nikanawa mikono, nikarudi sebuleni, nikaomba dua, nikaaga.

Hazikupita siku nyingi baada ya Idi, wenye mkopo wakaja wakachukua makochi na kabati. Watu walisimama njiani kutazama. Kijana hakuonekana msikitini wiki tatu.

Nikaenda kwa yule mama. Nikampa shikamoo, nikakaa chini, nikamwambia: "Mama, nimekuja kutaka radhi. Siku ile nilikuona, na sikusema neno."

Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Sheikh, mwanangu, wewe ulipita mara moja. Wao walikuwa wakipita hapa kila siku, nami nilikuwa nikiwaombea wasiabike mbele ya wageni."

Sina la kuongeza juu ya maneno yake. Lakini nakumbuka kwamba Mtume (S.A.W.), kama ilivyo katika Bukhari, alikwenda nyumbani kwa binti yake Fatima (R.A.), akaona mlangoni pazia la nakshi, akarudi bila ya kuingia, na alipoulizwa akaamrisha lipelekwe kwa watu wenye haja. Huyo ni kipenzi chake, na pazia lenyewe halikuwa la deni wala halikumtoa mtu kitandani. Naye hakunyamaza. Mimi nilikula pilau.

Ndiyo sababu sikucheka barua iliposomwa. Dada yetu anauliza juu ya pazia, na nimemjibu: litundike, na mumeo akusaidie kupiga misumari. Lakini kabla ya kununua, zungukeni nyumba nzima pamoja, muanze na banda la jikoni na chumba cha nyuma ambacho wageni hawafiki. Mtazame ni nani analala chini, ni bati gani linavuja, ni mtoto gani anasoma gizani. Fedha ianze huko. Ikibaki, ije sebuleni. Isipobaki, sebule ina mkeka, na mgeni anayekuja kwa ajili yenu atakaa. Na kwa riba, hata kijiko kisiingie. Kisha mtenge pembe moja ya kusalia. Sahaba Itban bin Malik alipodhoofika macho alimwomba Mtume aje asali nyumbani kwake ili apafanye mahali pa sala, naye akaja, akauliza ni wapi angependa asali, akaonyeshwa pembe, akasali hapo. Pembe hiyo haitaki fedha. Yataka ufagio na msala.

Yule kijana amerudi msikitini. Mwezi jana alinipitisha kwao baada ya Alasiri. Sebuleni hamna kochi hata moja. Mna jamvi, na mito iliyoshonwa kwa mapazia ya harusi, na kitanda cha mama yake kimewekwa chini ya dirisha linalotazama njia kuu. Mama alikuwa ameketi juu yake akiyahesabu malori.

Wallahu aalam.