Jumatano: Kuacha Barabara Kuu

Soma Marko 10:46–52 na 1 Wakorintho 12:24–26. Ni nini kilimfanya Yesu asimame njiani, na Paulo anafundisha nini kuhusu kiungo chenye maumivu?

Mkulima wa viazi huko Njombe akijikata mguu kwa jembe, haupiti muda mrefu kabla mahali pale hapajawa pekundu, pakavimba, pakapata joto na kuuma. Dalili hizi nne ziliandikwa na Mrumi aliyeitwa Celsus katika karne ileile alimoishi mtume Paulo. Wengi hudhani kuwa ndizo ugonjwa wenyewe. Kumbe mara nyingi ni ishara kwamba msaada umeitwa nao unawasili.

Chembe za mwili zilizoumizwa, pamoja na chembe walinzi zilizo jirani, hutoa kemikali zinazoenea kama harufu ya moshi. Mishipa midogo ya damu hutanuka, na ukuta wake wa ndani huota vishikizo. Chembe nyeupe iliyokuwa ikisafiri na mkondo wa damu hunaswa hapo, hubingirika ukutani, husimama, kisha hujipenyeza nje ya mshipa. Hufuata kemikali kuelekea zinakozidi, hadi walipo bakteria, na kuwameza. Nyingi hufia palepale; usaha kwa sehemu kubwa ni mabaki yake.

Watu wa Makambako wanaweza kulielewa jambo hili upesi. Usiku na mchana malori hupita mjini kwao katika barabara kuu iendayo Zambia. Lakini mzigo wa Njombe hauwafai watu wa Njombe mpaka lori liiache barabara hiyo na kushika njia ya kusini. Wako watoto wachache sana duniani wanaozaliwa na chembe nyeupe zisizo na vishikizo. Damu yao huwa na chembe hizo tele, kupita kawaida, lakini zinapita tu karibu na jeraha bila kusimama, nalo haliponi. Mtoto hateseki kwa kukosa askari. Anateseka kwa sababu askari hawatoki njiani.

Bartimayo alikaa kando ya njia pale Yeriko. Alipopaza sauti, wengi walimkemea anyamaze. Hawakuwa maadui wa Yesu, kwa maana walikuwa katika msafara wake. Waliona tu kwamba kilio kile kinawasumbua. Yesu alisimama, akaagiza aitwe. Hakumponya kwa kupita. Safari nzima ilisimama kwa ajili ya mtu mmoja.

Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulionesha kwamba Njombe ndio mkoa wenye kiwango kikubwa kuliko yote nchini cha maambukizi ya VVU: asilimia 12.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, wakati kiwango cha taifa ni asilimia 4.4. Virusi hivi huharibu hasa zile chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kuziamsha na kuziongoza nyingine. Dawa za kufubaza VVU, zikimezwa kila siku, huwezesha ulinzi huo kujengeka tena. Lakini unyanyapaa hulitenda kanisa yale ambayo virusi huutenda mwili: huharibu wito. Dada afichaye dawa zake ndani ya debe la unga, na kaka apandaye basi kwenda kliniki ya mbali ili asionwe na washiriki wenzake, ni majeraha yaliyokatazwa kulia. Mwili haungoji kujua mwiba uliingiaje ndipo upeleke msaada.

Liko somo jingine. Jeraha likisafishika, wito huzimwa na chembe huondoka. Uvimbe usiozimika huanza kula hata nyama nzima. Vivyo hivyo, taabu ya mshiriki ikishasikiwa, haipaswi kuzungushwa nyumba kwa nyumba kwa jina la kumwombea. Upendo unaojua kufika hujua pia kunyamaza.

Tafakari: Ni nani katika kanisa lenu ambaye kilio chake kimenyamazishwa, pengine na watu wanaompenda Yesu? Utaacha nini wiki hii ili usimame kwake?

Kwa mjadala: Mtu anayeishi na VVU akiingia katika darasa lenu la Shule ya Sabato, ni maneno gani anayoyasikia yanayomfanya ajifiche? Darasa linaweza kufanya nini ili aombewe, atiwe moyo kuendelea na dawa zake, na siri yake itunzwe?