Njia ya Mguu Uliovunjika

Neno: Waebrania 12:12–13

Sura ya 12 ya Waebrania wengi tunaifungua kwenye mstari wa kwanza, ule wa kupiga mbio kwa saburi, na hatufiki mbali baada ya hapo. Ni mstari wa mahafali, wa semina za vijana, wa fulana za kwaya. Lakini mwandishi anaendelea, na akifika mstari wa 12 na 13 anawageukia wale ambao mbio zimewaelemea: mikono imelegea, magoti hayana nguvu, mguu unachechemea. Anaagiza mikono hiyo inyanyuliwe, magoti yatiwe nguvu, na miguu itengenezewe njia iliyonyooka, ili kiungo kilicholemaa kisizidi kuharibika, kipone.

Hapa Tunduma mistari hii ina watu wake. Barabara ya TANZAM inapita mjini kuelekea Nakonde, malori yamejipanga yakisubiri kuvuka mpaka, na katikati ya malori hayo bodaboda wanapenya kutwa nzima. Nani hana ndugu au jirani aliyewahi kufungwa plasta ya POP baada ya ajali? Kijana anaruhusiwa hospitali, anakaa barazani kule Sogea au Chapwa, magongo ameyaegemeza ukutani, anawatazama wenzake wa kijiweni wakipita na abiria. Wiki ya kwanza wageni hawakatiki: soda, matunda, maombi. Miezi ikisogea simu inanyamaza. POP inafunguliwa, naye anaona paja la mguu ule limekonda, halifanani tena na mwenzake.

Kukonda kule kunatisha kuliko maumivu. Anadhani mguu unakufa. Haufi. Msuli usiotumika hupungua upesi, ndani ya wiki chache tu, kisha hurudi polepole kwa kutumiwa. Ndiyo maana mtaalamu wa mazoezi tiba humpa kazi zinazoonekana za kitoto: keti mkekani, nyoosha mguu, kandamiza goti kuelekea chini, kaza paja, hesabu hadi tano, achia, rudia. Hakuna anayepigiwa makofi kwa hilo, wala hutasikia likitolewa ushuhuda ibadani. Nami naamini kwa moyo wangu wote kwamba mkeka ule uko ndani ya mbio za mstari wa kwanza. Mwandishi hakuwafungulia waliolemaa sura yao ya pembeni. Amewaandika humohumo, miongoni mwa wakimbiaji.

Najua mistari inayotangulia inaeleza jinsi Baba anavyomrudi mwana ampendaye. Tafadhali, usiichukue ukaenda kumwambia mgonjwa kuwa Mungu amemchapa kwa lori. Ayubu alikuwa na marafiki wa namna hiyo, na Mungu mwenyewe aliwakasirikia.

Mstari wa 13 unakiri jambo ambalo mahubiri yetu ya uponyaji huliruka: kiungo kilichoumia kinaweza kupona, na kinaweza pia kuharibika zaidi. Kukaa bila kujongea mchana kutwa ukisema umemwachia Bwana, huku daktari amekupa mazoezi, ni kuulegeza mguu. Kurudi kwenye pikipiki kabla mfupa haujaunga ni kuuvunja upya. Muundi wa mtu mzima unataka miezi, kwa kawaida mitatu au zaidi, na ruhusa ya kuukanyagia hutoka kwa daktari aliyetazama picha ya eksirei. Kungoja ruhusa hiyo, na kufanya zoezi la leo wakati unangoja, ndiyo saburi yenyewe.

Kisa cha mkimbiaji wetu John Stephen Akhwari tunakisimulia nusu. Tunamkumbuka Oktoba 1968 kule Mexico City, goti limefungwa bendeji, akiingia uwanjani usiku, wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda marathoni. Tunaishia hapo. Lakini mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, mtu huyohuyo alimaliza marathoni akiwa wa 5. Kati ya usiku ule na Edinburgh kulikuwa na goti la kuuguza, na mwili wa kurudisha mbioni. Natamani tuwahubirie majeruhi wetu miaka ile miwili. Kijana mwenye muundi uliovunjika ukimhubiria ule usiku peke yake, kesho utamkuta juu ya pikipiki.

Maneno ya mikono na magoti mwandishi ameyatoa kwa Isaya, sura ya 35, ambayo inaishia na watu waliokombolewa wakirudi Sayuni kwa nyimbo. Na anasema na kundi zima. Kazi ya njia ameiweka mikononi mwa kanisa, siyo mwa mgonjwa peke yake. Masika, kichochoro cha kutoka mlangoni hadi chooni huwa utelezi mtupu, na gongo likizama kwenye tope mwenye nalo anaanguka. Vijana wa kanisa wakifika na jembe na ndoo za kokoto wakakisawazisha, wametii mstari wa 13 neno kwa neno. Huko Mbozi, msimu wa kahawa, mwenye mguu mbovu bado ana mikono: msogezee kiti kwenye kichanja achambue kahawa, au mpe mahindi apukuchue pamoja na wengine. Anayeletewa chakula tu kila siku huanza kujiona mzigo, na mtu aliyejiona mzigo hakazi paja mkekani.

Kisha kuna mkataba wa pikipiki, ule wa kumpelekea mwenye chombo hesabu yake. Kijana anapoumia, hesabu ya bosi haisimami, na hiyo ndiyo inayomtoa kitandani kabla ya wakati kuliko uvivu wetu wote wa kumtembelea. Wenye pikipiki hizo wengine tunakaa nao benchi moja Jumapili. Wazee wa kanisa, mkitoka kumwombea majeruhi piteni kwa mwenye pikipiki, mzungumze naye kwa upole. Na wewe ndugu yangu mwenye pikipiki, unaweza kuusogeza mkataba mbele kwa miezi yote ya kuuguza, na kumwambia kwa kinywa chako kwamba nafasi yake ipo. Mpigie simu leo, kabla hajamuuliza fundi kama pikipiki imeshatengemaa.