Roho Anatoa Wimbo, Fundi Anafundisha Kuimba

Somo: 1 Mambo ya Nyakati 25:1-8



Katika parokia zetu za Kindu kuna ulizo linalogawanya wazee na vijana. Vijana wanasema: tutafute mwimbaji fundi, mtu ambaye kuimba ndiyo kazi yake, atufundishe. Wazee wanajibu: nyimbo zetu hazikutoka shuleni, zilitoka mbinguni, je, mwanadamu atamfundisha Roho? Tukilijibu vibaya, korale itapasuka vipande viwili.

Wazee wana haki. Tangu Papa Simon Kimbangu alipoanza kazi yake Nkamba, tarehe 6 Aprili 1921, kanisa letu linaishi kwa nyimbo za kuvuviwa. Waamini waliohamishwa na Wabeleji mbali na makwao, hata kule Lowa, chini ya mto wetu Lualaba, walizibeba nyimbo kifuani.

Lakini tusome Maandiko vizuri. Asafu, Hemani na Yeduthuni walitabiri kwa vinubi. Ni manabii hao! Hata hivyo mstari wa 7 unahesabu watu 288 waliofundishwa kumwimbia Bwana, na mstari wa 8 unataja mwalimu pamoja na mwanafunzi. Unabii na masomo vimekaa katika sura moja, wala havikupigana. Na Kenania, katika sura ya 15, aliwekwa kufundisha nyimbo kwa sababu alikuwa stadi.

Tutazame pia ndugu zetu wa Kinshasa. Mwaka 1994 Armand Diangienda, mjukuu wa Papa Simon Kimbangu, aliyekuwa rubani wa ndege, alianzisha Orchestre Symphonique Kimbanguiste. Violini zilikuwa chache, watu wakapokezana. Uzi ukikatika, waliweka waya wa breki ya baisikeli. Mwaka 2012 televisheni ya CBS ya Marekani iliwaonyesha waimbaji wawili wa opera kutoka Ujerumani, Sabine Kallhammer na Rolf Schmitz-Malburg, wakiifundisha korale yao namna ya kuimba na kutamka maneno. Je, Roho aliwakimbia? Hapana.

Basi fundi anafundisha nini? Simama wima, mabega yasipande. Vuta pumzi ijae chini, mbavuni na tumboni, kisha uitoe kidogo kidogo, kama mama anayegawa pesa ya soko mpaka mwisho wa juma. Legeza taya. Anza na sauti ya chini kabla ya kupanda. Usipige kelele kwa koo. Ndani ya koo mna mikunjo miwili midogo inayotikisika. Ukiilazimisha kila siku, inavimba, na sauti inakauka. Tunawaona binti zetu baada ya mkesha: siku tatu hawawezi hata kuita mtoto. Mwili ni hekalu la Mungu. Koo nalo ni sehemu ya hekalu.

Tena kuna maneno. Sisi wa Maniema tunaimba nyimbo nyingi za Kilingala na Kikongo. Kwa Kilingala, moto ni mtu. Ukiinua sauti mwishoni, umesema kichwa. Ukifungua kinywa zaidi katika o na kupandisha mwanzoni, umesema moto uwakao. Mtume Paulo anataka tuimbe kwa roho na kwa akili pia. Aliyepokea wimbo alipokea neno. Tukiliharibu kwa kinywa kivivu, tumetunza nini?

Lakini fundi naye awe na mpaka. Afundishe pumzi, asibadili wimbo uliovuviwa. Asituletee mtindo wa baa. Wala mama mzee asiyejua noti asifukuzwe katika korale. Huenda ndiye anayekumbuka wimbo ulivyoshuka.

Tumefundishwa upendo, amri na kazi. Kujifunza ni kazi, na kuvumiliana ni upendo. Wazee, wapeni vijana ruhusa ya kufundishwa. Vijana, kabla ya kumwendea fundi, mwendeeni kwanza mzee, mkae miguuni pake, awaimbieni.

Bwana abariki sauti zenu. Amina.