Upelelezi Ndani ya Nyumba

Zamani mtu aliyetaka kujua siri za mwenziwe alisimama nyuma ya mlango akatega sikio, au alifungua barua isiyo yake kisha akaigundisha tena. Watu wote walijua ya kuwa tendo hilo ni la aibu, na aliyefumaniwa akilitenda aliinamisha uso. Siku hizi tendo lile lile lafanyika kwa simu, nalo limepewa majina mazuri: kujihakikishia, kuilinda ndoa, kumjali umpendaye. Hatuna budi kuuliza: je, jina zuri laweza kuligeuza tendo baya likawa jema?

Yafaa kwanza tukijue chombo chenyewe. Ziko programu za upelelezi ambazo zikiisha kuingizwa katika simu hujificha. Hazionyeshi alama yoyote juu ya skrini, au hujipa jina la kawaida kana kwamba ni sehemu ya simu yenyewe. Tangu hapo humpelekea aliyeziweka ujumbe, picha, orodha ya waliopigiwa, na hata mahali alipo mwenye simu. Pegasus, iliyotengenezwa na kampuni ya NSO Group ya Israeli, ambayo habari zake zilienea duniani kote mwaka 2021, huweza kuingia kutoka mbali. Lakini hiyo huuzwa kwa serikali, na bei yake ni kubwa mno. Zile ziingiazo majumbani ni za bei nafuu, na kwa kawaida haziwekwi mpaka mtu aishike simu kwa dakika chache, akijua na neno lake la siri. Ni nani awezaye kupata nafasi hiyo? Si mgeni wa njiani. Ni yule alaye nasi sahani moja. Wahenga walisema kweli: kikulacho ki nguoni mwako.

Mtu atatambuaje? Dalili ziko: betri kwisha upesi, simu kupata joto ingawa haitumiki, bando la intaneti kumalizika pasipo sababu. Lakini dalili si ushahidi, maana betri iliyochakaa nayo hufanya hivyo hivyo. Dalili kubwa zaidi ni mwenzio kujua mambo ambayo hukumwambia yeye wala mtu mwingine. Hapo fungua Mipangilio ya simu, utazame orodha nzima ya programu. Angalia ni zipi zilizopewa ruhusa ya kutumia maikrofoni, kamera na mahali ulipo, na ni zipi zilizopewa mamlaka ya Ufikivu au ya usimamizi wa kifaa. Katika simu za Android, tazama kama Google Play Protect imezimwa pasipo wewe kuizima. Katika WhatsApp, tazama vifaa vilivyounganishwa. Tena mara nyingi hakuna programu yoyote: yuko mtu tu ajuaye neno la siri la akaunti yako, naye husoma akiwa mbali.

Ukiikuta, usiifute kwa pupa. Aliyeiweka huweza kutambua mara moja kwamba umemgundua, na kama ni mtu wa kupiga au kutisha, saa hiyo yaweza kuwa ya hatari. Afadhali uombe msaada kwa kutumia simu ya mtu umwaminiye, uhifadhi ushahidi, ndipo uondoe programu na kubadili maneno yote ya siri.

Sasa turudi kwenye swali letu. Wako wasemao: "Asiye na hatia ana woga gani?" Neno hili lapendeza masikioni, lakini halina uzito. Kuwa na jambo la faragha si kuwa na hatia. Katika simu ya mke wako mna ugonjwa wa dada yake, machozi ya rafiki yake, deni la kaka yake. Hao wote walimwamini yeye, hawakukuamini wewe. Ukiisoma simu yake kwa siri, wamwibia mmoja na kuwavunjia heshima kumi.

Tena si wewe peke yako usomaye. Yote yapita kwanza katika mashine za mfanyabiashara usiyemjua. Kampuni ya Marekani iitwayo SpyFone, iliyouza programu za namna hii, iliingiliwa na mdukuzi mwaka 2018, naye akapata habari za watu wapatao 2,200. Septemba 2021 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo iliipiga marufuku isifanye tena biashara ya upelelezi. Aliyedai kuilinda nyumba yake ndiye aliyewafungulia mlango wageni.

Lakini twasikia mume au mke akiuliza kwa uchungu: "Je, kama kweli nadanganywa?" Uchungu huo si wa kudharauliwa. Aliye na shaka ana haki ya kuuliza, ya kudai jibu, ya kuwaita wazee wa pande zote mbili, hata ya kutengana panapo sababu. Hana haki ya kupeleleza. Maana hebu fikiri: aliyegundua jambo kwa upelelezi hawezi kulitamka bila kujifichua mwenyewe. Basi hulazimika kuigiza, kuuliza maswali ambayo majibu yake anayo, kucheka huku akijua. Alitafuta uongo wa mwenziwe, akaja kuwa mwongo yeye. Na asipoona neno, hatulii. Husema labda limefutwa, naye huendelea kutazama. Uaminifu ni kumtegemea mtu wakati usipomwona. Atazamaye saa zote hawezi kuupata kamwe.

Na watoto je? Mzazi ana wajibu wa kuwalinda, na mtoto mdogo hapewi simu bila mipaka. Lakini mipaka hiyo na iwe wazi: mtoto aambiwe ni nini kinachotazamwa na kwa sababu gani, na kamba ilegezwe kadiri anavyokua. Mtoto aliyepelelezwa kwa siri hajifunzi uadilifu, hujifunza kujificha vizuri zaidi.

Sheria nazo hazikunyamaza. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 31, zailinda faragha ya kila mtu, wala hazikusema kwamba haki hiyo hukoma siku ya harusi.

Kwa hiyo, ewe uliyeichunguza simu yako, usione haya: kufunga mlango wako si kumtukana jirani. Nawe uliyeiweka programu hiyo katika simu ya mwenzio, iondoe leo, kisha umwambie. Neno hilo ni zito kulisema, lakini nyumba yenu haitapona kwa jingine.