Najutia Kamari, au Najutia Kukosa?



Ndugu zangu, nina swali nililolibeba tangu muhula uliopita, na nimeona ni heri niliandike kuliko kuendelea kulala nalo. Mtu akiacha dhambi kwa sababu imemtia hasara, je, huyo ametubu?

Nianze na kisa changu, ingawa hakinipendezi. Kaka yangu anaendesha bodaboda mjini Jinja. Muhula ulipoanza alinitumia shilingi 60,000 za kununua vitabu na kutoa nakala. Jioni moja nikitoka maktaba, rafiki yangu akaniita kwenye duka la kubeti lililo jirani na chuo. Ukutani palikuwa na skrini ya mbio za farasi, zile za kompyuta, zinazoanza upya kila baada ya dakika chache. Mimi, mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu, niliyehifadhi aya ya 90 ya Suratul Maida, nikaweka shilingi 20,000 kwa farasi namba 4. Angeshinda, ningepata 180,000. Akaongoza hadi hatua za mwisho, kisha namba 7 akampita kwa pua.

Nikaweka 20,000 nyingine. Kisha zilizobaki. Nikatoka mikono mitupu, na tangu siku ile sijarudi.

Mtu akisikia hivyo atasema alhamdulillah, kijana ametubu. Lakini usiku nikifumba macho sikuwa naiona aya, wala sikuwa nauona uso wa kaka yangu. Nilikuwa namwona namba 4 na ile pua. Nilikuwa nasema moyoni: laiti mbio zingekuwa fupi kwa hatua moja tu!

Wanazuoni wametufundisha masharti ya toba: kuiacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutoirudia, na ikigusa haki ya mtu, haki hiyo irudishwe. Sharti la kwanza nilikuwa nalo. La tatu pia, nadhani. Tatizo lilikuwa la pili. Wanazuoni wa akida wanasema kwamba anayejutia pombe kwa sababu kichwa kinamuuma, au kwa sababu pesa zake zimekwisha, hajatubu kwa majuto hayo. Anajutia kichwa na mfuko. Toba ni kuijutia dhambi kwa kuwa ni kumuasi Allah (s.w.t.). Nilipolisoma hilo nikajiona nimevuliwa nguo. Majuto nilikuwa nayo tele, lakini nilikuwa najutia kukosa.

Majuto ya aina hii yana historia ndefu kwenye mbio za farasi. Tarehe 24 Machi 1956, katika mbio za Grand National huko Aintree, karibu na Liverpool, Uingereza, farasi aliyeitwa Devon Loch alikuwa anaongoza. Alikuwa wa mama yake Malkia Elizabeth II, na mpandaji wake alikuwa Dick Francis. Mbio hizo wakati huo zilikuwa za zaidi ya kilomita 7, zenye vizuizi 30 vya kuruka, na vyote alikwisha vivuka. Zilibaki kama mita 45 za nyasi tupu. Ghafla akaruka kana kwamba ameona kizuizi kingine, akaanguka kwa tumbo. E.S.B. akampita na kushinda. Hadi leo watu wanabishana ni nini kilimpata.

Sasa fikiria mtu aliyekuwa ameweka pesa kwa Devon Loch. Katika mita zile za mwisho alikwisha kuzihesabu. Pengine alikwisha kuzigawa: hizi za kodi, hizi za deni. Farasi alipoanguka, mtu huyo alihisi ameporwa. Lakini ameporwa nini? Pesa zile hazikuwahi kuwa zake hata kwa dakika moja. Alichopoteza kweli ni kile alichokitoa mfukoni kwa hiari yake asubuhi. Hicho hakililii. Analilia ambacho hakuwahi kuwa nacho.

Hapo ndipo ulipo mtego wa chupuchupu: inakufanya ujione mwenye mali, kisha uliyedhulumiwa. Na anayejiona amedhulumiwa hatubu, anataka chake kirudi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba mchezaji akikosa kwa karibu, hasa akiwa amechagua mwenyewe, huumia kuliko aliyekosa kwa mbali, na bado hamu yake ya kucheza tena huongezeka. Ndivyo zilivyokwenda 40,000 zangu zilizobaki.

Tena Devon Loch alikuwa mnyama wa kweli kwenye nyasi za kweli. Farasi wangu alikuwa nini? Katika mbio za kompyuta, mashine huchagua namba kwa bahati, na picha huchorwa kufuata matokeo hayo. Namba 4 hakuchoka wala hakupitwa. Hakuwepo. Nilinyimwa usingizi na pua iliyochorwa.

Mtu asidhani dini yetu ina ugomvi na farasi. Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi Madina, kutoka Hafya hadi Thaniyyatul Wadaa, na Ibn Umar (r.a.) alikuwa miongoni mwa walioshindana. Uchungu wa kushindwa nao si mgeni. Katika Sahihi Bukhari tunasoma habari za ngamia wa Mtume (s.a.w.), Adhbaa, ambaye alikuwa hashindwi. Akaja bedui na ngamia wake mchanga, akamshinda. Masahaba wakaumia. Mtume (s.a.w.) akawafahamisha kuwa ni haki juu ya Allah kwamba hakuna kitu cha dunia kinachopanda isipokuwa atakishusha. Maumivu yao yakapata somo na yakaishia hapo. Yangu yalikuwa yananirudisha dukani.

Nikarudi kwenye Suratul Hadid, aya ya 22 na 23, ambazo zinatujulisha kwamba kila msiba umekwisha andikwa kabla ya kutokea, ili tusihuzunike kwa kilichotupita wala tusijigambe kwa tulichopewa. Lakini hapa kuna hatari, ndugu zangu. Nimewasikia vijana wakiutumia mlango huohuo kubetia: "Leo haikuandikwa, kesho itaandikwa." Wanazuoni walikwisha tuonya kuwa qadari ni hoja ya kujiliwaza katika msiba, si hoja ya kujitetea katika dhambi. Aya ilikuja kumponya mwenye huzuni. Haikuja kumpa mcheza kamari subira ya kungoja mbio zinazofuata.

Basi nikajifanyia mtihani, na ninakuomba nawe ujifanyie, hata kama dhambi yako ni nyingine. Nikajiuliza: namba 4 angeshinda, leo ningekuwa najutia? Jibu la kweli lilikuwa hapana. Ningekuwa nimenunua viatu. Huenda hata ningetoa sadaka kidogo ili moyo unyamaze.

Moyo hauamrishwi kama mguu. Siwezi kuuambia ujute ukajuta. Lakini naweza kuuonyesha kitu. Nikaurudisha ndani ya lile duka, na safari hii nikauzuia usitazame skrini. Kwenye benchi alikuwepo mzee mmoja amevaa sare ya ulinzi, anakunja na kukunjua tiketi yake. Alikuwepo kijana anayeuza chapati getini kwetu, bado ana unga mikononi. Zile 180,000 zangu zingetoka wapi? Duka halilimi wala halifugi. Linalipa mmoja kwa pesa za waliokosa. Ningenunua viatu kwa mshahara wa mzee yule na kwa chapati za kijana yule, kisha niseme Allah amenipa riziki. Aya ya 91 ya Suratul Maida inataja uadui na chuki. Nilikuwa naisoma kila mara nikidhani inazungumzia ngumi.

Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilimshukuru namba 7.

Lilibaki sharti la haki za watu. Nikampigia kaka simu nikamwambia yote. Akanyamaza kwa muda mrefu, nikasikia pikipiki zikipita. Kisha akasema: "Mdogo wangu, zile nilizipata kwa siku nne, mbili kati yake za mvua." Hakusema zaidi. Namlipa kidogo kidogo kwa kufundisha watoto Qur'ani Jumamosi na Jumapili. Zimebaki 25,000.

Siwadanganyi kwamba farasi yule haji tena. Huja. Lakini siku hizi akija, nyuma yake naona mvua ya Jinja na tiketi mkononi mwa mzee, na majuto yanayonishika si yale ya zamani. Nataraji ndiyo hayo yanayotakiwa. Allah ndiye Mjuzi zaidi.

Ewe Mola, tukinai kwa ulichotupa, na utunyanyue toba zetu kutoka kwenye mifuko hadi kwenye nyoyo. Amin.

Wabillahi tawfiq.