Takrima na Kura

Kila baada ya miaka mitano sisi tukaao Bangwe, kando ya ziwa Tanganyika, huitwa mara mbili kuchagua watu wa kutuongoza karibu na nyumba zetu. Mara ya kwanza twamchagua mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake, kama ilivyofanyika tarehe 27 Novemba 2024. Mara ya pili, mwaka ufuatao, twamchagua diwani wa kata siku ile ile ya kuwachagua Rais na Mbunge. Kisha madiwani wakikutana katika baraza la Manispaa ya Kigoma/Ujiji humchagua Meya miongoni mwao. Kampeni za mtaa ni fupi, siku saba tu. Walakini katika siku hizo saba moyo wa mtu waweza kupimwa kuliko katika miaka mitano.

Katika juma lile la Novemba, jirani yangu mmoja, mama mjane auzaye dagaa, alinijia jioni akaniambia: "Mwalimu, mgombea mmoja ameniletea unga na kitenge. Wewe wajua, mwaka huu uvuvi ulisimamishwa ziwani tangu katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, na madeni ya miezi ile sijayamaliza. Unga nimekwisha kuupika, watoto wamekula. Sasa moyo wanisuta. Nikimnyima kura, nimekuwa mwizi. Nikimpa, nimejiuza. Nifanyeje?"

Sikuweza kumjibu upesi, maana swali lake ni gumu. Naliandika hapa ili tulifikiri pamoja.

Wako watu barazani wasemao kwamba hakuna swali lolote. Husema, "Mkono mtupu haulambwi," na tena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kwao, zawadi ya mgombea ni ukarimu tu, desturi ya wazee wetu. Hata sheria ya nchi iliwahi kunena hivyo. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, ikawa kitu atoacho mgombea kwa nia njema, kwa ukarimu wa kawaida au wa jadi, kisihesabiwe kuwa rushwa. Jambo hilo likaitwa takrima. Lakini mwaka 2006 Mahakama Kuu, baada ya mashirika matatu ya raia kuleta shauri, iliona ya kuwa vifungu hivyo vyapingana na Katiba, ikavibatilisha. Sababu zake zafaa kukumbukwa: takrima humpendelea mwenye mali juu ya asiye nacho, na tena hakuna awezaye kuchora mstari baina ya ukarimu wa namna hiyo na rushwa.

Mimi si mwanasheria, bali nadhani desturi yenyewe yatuonyesha mstari ule. Takrima ni heshima ampayo mwenyeji mgeni wake. Mgeni akifika nyumbani kwangu, mimi ndimi nitandikaye mkeka na kuleta chakula. Katika kampeni mambo yamegeuka: mgeni aja uani kwangu, naye ndiye anilishaye mimi. Tena ukarimu wa kweli hauna kalenda. Mtu ambaye hakuonekana msibani miaka minne, wala mtumbwi ulipozama, naye akaja na unga siku saba kabla ya kura, huyo hakuja kunikirimu. Mvuvi wa dagaa awasha taa usiku wa giza, wala hawashi kwa kuwaonea dagaa huruma.

Basi, je, aliyekula amefungwa? Nasema hakufungwa. Mtu akinipa fedha ili nimuuzie mtumbwi wa jirani yangu, nami nikazipokea, simwii mtumbwi, kwa kuwa si wangu kuutoa. Namwia fedha zake tu. Kura nayo ni amana: naishika mimi, lakini matokeo yake yawapata wote wa mtaani. Kwa hiyo mjane yule anadaiwa unga. Hadaiwi kura.

Walakini tusiende mbali tukasema, kama wasemavyo vijana, "Kula chao, kisha mpe umtakaye." Neno hilo lapendeza masikioni, lakini ndani yake mna sumu. Kwanza, lamfundisha mtu kutikisa kichwa kwa ndiyo huku moyoni ni siyo. Na aliyezoea kumdanganya mgombea hatashindwa kumdanganya jirani. Pili, kila apokeaye huongeza bei ya kiti, hata mtu mwema asiye na mali aogope kugombea. Tatu, aliyenunua hana budi kuuza. Mwenyekiti wa mtaa hana jeshi wala hazina, bali ana muhuri. Mtu akitaka kitambulisho cha Taifa, yampasa kupata barua kutoka serikali ya mtaa, na sisi wa Kigoma, tulio karibu na Burundi na Kongo, twajua uzito wa kuulizwa, "Wewe ni mtoto wa nani?" Muhuri huo ukiwa mkononi mwa mtu aliyenunua kiti kwa unga, atautoza unga ule ule, na riba juu yake.

Mwenye kudhani kura ni kitu kidogo na akumbuke mwaka 2019. Wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vyao vikajitoa, na mahali pengi nchini mgombea mmoja alipita bila kupingwa. Wakati huo hapakuwa na haja ya kumpa mtu kitenge, maana hapakuwa na cha kuchagua. Thamani ya kisima huonekana siku kikikauka.

Hayo nilimweleza mama yule, nikaongeza kwamba kosa lake ni dogo kuliko la yule aliyeijua njaa yake akaifanyia biashara. Akaniuliza, "Basi nimpe nani?" Jina sikumtajia, maana ningekuwa nami namnunua kwa maneno. Nilimwambia ajiulize: ni nani aliyewasaidia watu ziwa lilipofungwa, wakati hapakuwa na kura? Ni nani awezaye kusoma mapato na matumizi mbele ya mkutano bila kukasirika akiulizwa? Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kesho yake alikirudisha kitenge. Kuhusu unga alimwambia mwenyewe, "Huo tumeula. Nitakulipa nikiuza dagaa." Watu wengine walimcheka, wakasema ametupa nguo ya bure. Kura yake alimpa nani sijui, wala sikumwuliza.